Jinsi ya kuona kwa macho yako mmea ukipika chakula kwa jua, ukiwa na iodini, spiriti na chupa ya chai tu

Juzi mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa anakariri daftari lake la sayansi, "usanisinuru ni kitendo cha mimea ya kijani kujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na kabonidayoksaidi", anaitiririsha hiyo sentensi kama sala hata pumzi hachukui, nikamsimamisha nikamuuliza, haya, ule mchicha pale nyuma unakula nini? Akanijibu chap chap, "Udongo, mjomba. Na mbolea."

Nilicheka ila nikakumbuka hata mi nilikuwa hivo hivo, sentensi naijua yote lakini moyoni naamini mmea unakula udongo kupitia mizizi kama mtu anavyonyonya juisi kwa mrija. Na sio watoto tu, nenda kamuulize mtu mzima yeyote huo mwembe mkubwa uzito wake wote umetoka wapi, wengi watakuonyesha chini. Kumbe sehemu kubwa ya mbao ya huo mwembe imetoka kwenye hewa. Hewa hii hii tunayovuta, ambayo kabonidayoksaidi ndani yake ni kama asilimia 0.04 tu, mti unaiokota kidogo kidogo kupitia vitundu vya kwenye majani mpaka unakuwa na shina ambalo watu wawili hamlikumbatii.

Sasa maneno hayatoshi, hasa kwa mtoto, ndo maana naandika hapa namna ya kulifanya jani likiri lenyewe. Ni jaribio la zamani, Mjerumani mmoja anaitwa Julius Sachs ndo alilifanya likajulikana miaka ya 1860, na shule nyingi linafanyika mpaka leo kwa bika na vifaa vya maabara, ila nyumbani linawezekana bila hata moto karibu. Mkubwa awepo lakini, maana kuna spiriti na maji ya moto.

Wazo lenyewe ni jepesi. Jani likipata mwanga linatengeneza sukari, sukari ikiwa nyingi kuliko inavyotumika jani linaigeuza wanga na kuiweka akiba humo humo ndani. Wanga ni kitu kile kile kilichopo kwenye ugali na viazi. Na wanga ukiugusa na iodini unageuka bluu iliyokolea mpaka inakuwa kama nyeusi. Kwa hiyo ukiliweka jani nusu kwenye jua nusu kwenye giza, alafu ukalipaka iodini, litakuonyesha lenyewe wapi limepika na wapi limelala njaa.

Vitu vyote unavipata mtaani. Duka la dawa chukua iodini ile ya kahawia ya kupaka vidonda na chupa moja ya spiriti. Karatasi ya foili ile ya kufungia chakula, pini za karatasi, glasi au chupa ya jemu, bakuli kubwa la kina, uma, sahani nyeupe, na chupa ya chai iliyojaa maji yaliyochemka. Na mmea, ambao ndo watu wengi wanakosea, kwa hiyo tuanze hapo.

Usitumie jani lolote tu. Jani la kitunguu linahifadhi sukari, wanga hamna, unaweza kupaka iodini mpaka kesho likabaki kahawia na mtoto akaona umemdanganya. Majani magumu yenye nta kama ya mwembe yanachelewa mno kutoa rangi. Mi napenda maharage, unapanda punje nne tano kwenye kopo, wiki mbili tatu unakuwa na majani laini mapana yanayofanya kazi vizuri sana. Haibiskasi ile ya maua mekundu ya kwenye fensi nayo iko poa ukichagua jani changa lililokwisha kufunguka.

Hatua ya kwanza inachosha maana hakuna kinachoonekana, ni kuuweka mmea njaa. Jani lina akiba ya jana na juzi, usipoimaliza hiyo huwezi kujua wanga utakaouona ni wa lini. Usiku mmea wenyewe unaivunja ile akiba kuwa sukari na kuisafirisha kwenda kwenye mizizi, kwenye machipukizi, kwenye matunda, kote kunakohitaji, kwa hiyo ukiuweka gizani siku mbili hivi majani yanabaki matupu. Ingiza kopo lako kabatini au lifunike na boksi zito. Maji kidogo uwe umeshaupa kabla.

Hapa niwaambie kosa langu. Mara ya kwanza nilikuwa na maharage yamepandwa chini kabisa, sio kwenye kopo, nikayafunika na ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi ya nyumba, nikaweka tofali juu nikajiona mtaalamu. Siku mbili, nikafanya kila kitu sawasawa, jani likatoka na madoa meusi kila sehemu mpaka pale chini ya foili. Mpwa wangu ananiangalia, "Mjomba, mbona hata gizani limepika?" Sikuwa na jibu. Jioni nikaiinua ile ndoo nikaishika juani nikachungulia ndani, kumbe kuna mwanga kibao, naona hadi kivuli cha vidole vyangu vikiwa upande wa nje. Plastiki nyeupe inapitisha mwanga jamani. Ndoo iwe nyeusi, au uivishe gunia na nguo nzito juu yake.

Baada ya hizo siku mbili, asubuhi kama saa mbili, utoe mmea nje lakini kabla jua halijaugusa vizuri uvalishe jani foili. Kata vipande viwili vyenye upana wa vidole viwili, kimoja juu ya jani kimoja chini, mahali pale pale, vishikane na pini za karatasi bila kuliminya jani likachanika. Acha majani mengine bila foili. Alafu mmea ukae juani mpaka saa tisa au saa kumi alasiri. Siku ya mawingu mazito ahirisha tu, unaweza kupata majibu hafifu ukaishia kubishana.

Wakati unasubiri tengeneza iodini. Kifuniko kimoja cha iodini kwa vifuniko vitatu au vinne vya maji, mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ijaribu kwanza kabla hujaipeleka kwenye jani, dondosha tone kwenye kipande cha ugali uliobaki, utaona rangi inageuka palepale, alafu tone lingine kwenye chumvi, hapo inabaki kahawia vile vile. Hii mwonyeshe mtoto vizuri kwa sababu ndo ufunguo wa kusoma yale majibu ya baadaye. Hicho kipande cha ugali kitupe, asije mtu akala.

Sasa saa kumi. Kata jani lenye foili na jani moja lisilo na foili, toa foili lakini kumbuka ilikuwa wapi, mi huwa nakata kijipembe cha jani upande huo kama alama. Usiyaache majani yakae mezani, anza hapo hapo.

Mimina maji yanayochemka kwenye bakuli dogo, tumbukiza majani, hesabu dakika moja. Yatalegea kama mboga iliyoanza kuiva. Hiyo dakika inaua jani na kubomoa kuta za ndani ili iodini ipite baadaye, na pia inasimamisha kila kitu kilichokuwa kinaendelea humo, yaani wanga uliopo unabaki ulivyo.

Inayofuata ndo hatua ya hatari. Unatakiwa kuondoa ile rangi ya kijani, maana ukipaka iodini juu ya kijani huoni kitu, na kijani haitoki kwa maji, inatoka kwa spiriti ya moto. Spiriti inashika moto haraka mno. Shuleni kwetu, sitaitaja, kuna mwaka mtu alipasha spiriti moja kwa moja juu ya moto, mvuke ukadaka moto, nyusi za watu wawili zikaenda. Kwa hiyo sikia: hakuna jiko la mkaa, hakuna gesi, hakuna kiberiti, hakuna mtu wa sigara, fanyia nje barazani au dirishani. Na hauhitaji moto kabisa kwa sababu spiriti inachemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, wakati maji yanachemka kwenye 100, maana yake maji ya moto ya kwenye chupa ya chai yanatosha kuichemsha yenyewe.

Unafanya hivi. Pasha glasi yako kwanza na maji ya vuguvugu, isije ikapasuka kwa joto la ghafla, mwaga hayo maji, weka majani ndani, mimina spiriti mpaka iyafunike vizuri. Simamisha hiyo glasi kwenye bakuli kubwa, alafu zunguushia maji ya moto ya chupa ya chai mpaka yafike usawa wa spiriti, yasiingie ndani. Baada ya muda mfupi utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye majani na spiriti inaanza kuwa kijani, mwanzo kama maji ya limao, baadaye kama juisi ya matembele kama ipo juisi ya hivo. Maji ya nje yakipoa mwaga weka mengine. Majani ya maharage kwangu huwa yanachukua kama dakika kumi na kubadilisha maji mara mbili.

Hiyo kijani iliyotoka ndo umbijani, wengine wanaita klorofili, na inafaa kusimama hapo kidogo mwangalie glasi. Hicho ndo kidaka jua. Mwanga wa jua tunauona mweupe ila una rangi zote ndani yake, umbijani inakamata zaidi nyekundu na bluu, kijani inakamatwa kidogo kuliko hizo na sehemu yake inarudishwa, ndo hiyo inayokuja machoni kwetu tunasema jani ni kijani. Yaani rangi tunayoisifia kwenye shamba ni ule mwanga ambao mmea haukuutumia sana.

Toa majani kwa uma taratibu, yatakuwa meupe yenye umanjano kidogo na yanakatika kama karatasi kavu, spiriti imeyanyonya maji. Yachovye kwenye maji ya vuguvugu nusu dakika yalainike. Yatandaze kwenye sahani nyeupe, nyoosha kona zake na kidole, alafu dondosha iodini kote kote. Subiri dakika mbili tatu, mwaga iodini iliyozidi, suuza na maji kidogo.

Lile jani lisilo na foili litakuwa bluu-nyeusi lote. Lile la foili litakuwa jeusi pande zote isipokuwa pale palipofunikwa, pale panabaki na kahawia ya iodini tu, na mpaka wake umenyooka kabisa kama ulipigwa rula. Mmea mmoja, udongo ule ule, maji yale yale, mbolea ile ile kama uliweka, tofauti ni foili tu. Mpwa wangu aliangalia muda mrefu alafu akasema, "Kwa hiyo hapa ilikuwa njaa?" Ndiyo baba, hapo ilikuwa njaa.

Ukiwa mvivu wa foili kuna njia fupi, kata jani la maharage alfajiri kabla jua halijatoka, lifanyie hatua zote, alafu jioni ya siku hiyo kata lingine mmea ule ule. La alfajiri linatoka karibu halina kitu, la jioni jeusi. Na ukipata ua lenye majani ya mabaka, kijani na meupe, chora ramani ya mabaka yake kwenye karatasi kabla hujaanza, mwishoni weusi utakaa pale pale palipokuwa kijani, sehemu nyeupe hazipati kitu maana hazina umbijani wa kukamata mwanga, zinalishwa na jirani zao.

Sasa kuhusu mbolea, maana swali litakuja. Mbolea sio chakula cha mmea, ni vifaa vya kujengea jiko. Umbijani ina naitrojeni ndani yake na katikati kabisa ina magnizi, ndo maana shamba likikosa naitrojeni majani yanakuwa ya njano, jiko limepungua. Lakini kinachopikwa kwenye jiko ni maji ya kutoka mizizini na kabonidayoksaidi ya kutoka hewani. Mwanga ukishakamatwa unatumika kupasua maji, oksijeni inatoka nje, na nguvu iliyobaki inaunganisha ile kabonidayoksaidi kuwa sukari. Kwa hesabu za daftarini, molekuli 6 za kabonidayoksaidi na 6 za maji zinatoa sukari 1 na oksijeni 6. Watu wengi wanadhani oksijeni tunayovuta imetoka kwenye kabonidayoksaidi, hapana, imetoka kwenye maji, Wamarekani Samuel Ruben na Martin Kamen walilionyesha hilo mwaka 1941 kwa kutumia maji yenye oksijeni nzito wakaifuatilia inatokea wapi.

Na hii sehemu ya pili ya kutengeneza sukari vitabu vingine vinaiita hatua ya giza, jina baya sana hilo, nimekutana na wanafunzi wa sekondari wanaandika kwenye mtihani kwamba inafanyika usiku. Haihitaji mwanga wenyewe moja kwa moja ila inategemea nguvu iliyotokana na mwanga sasa hivi, kwa hiyo kwa mimea mingi inafanyika mchana mchana. Usiku mmea unapumua tu kama sisi, na hata mchana unapumua vile vile. Na kwa wale wanaotoa maua chumbani usiku wakiogopa yatawaibia hewa, mtu uliyelala naye anatumia oksijeni nyingi kuliko hilo ua, na humtoi nje.

Na lile swali la kama mmea unakula udongo lilishapata jibu zamani. Mtu wa Ubelgiji, Jan van Helmont, alipanda mwerebi mdogo kwenye udongo aliokuwa ameukausha na kuupima, kama kilo 90, akawa anaumwagilia maji tu miaka 5. Mti ukafika karibu kilo 77, alipoupima tena udongo ulikuwa umepungua gramu 57 hivi, hata kikombe cha chai hakijai. Habari zake zilichapishwa 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alikosea kitu kimoja, alidhani mti wote umetokana na maji, hewa hakuihesabu, ila kuhusu udongo alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 1779 Mholanzi Jan Ingenhousz ndo akaonyesha kwamba ni sehemu za kijani tu, na kwenye mwanga tu, zinazotoa ile hewa nzuri, yaani oksijeni.

Hiyo hewa nzuri nayo unaweza kuiona, hii ni fasta na haina spiriti kwa hiyo watoto wadogo waanze nayo. Nunua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya kuokea kwenye glasi ya maji, sio bekingi pauda, ile ina asidi itakutolea mapovu ya uongo, na tone moja tu la sabuni ya maji ya vyombo. Toboa vidoti kumi vya jani la spinachi kwa mrija au panchi ya karatasi, viingize kwenye bomba, vuta maji yale, sukuma hewa yote itoke, ziba mdomo wa bomba kwa kidole alafu vuta kama unavuta dawa, shikilia sekunde kumi, achia. Rudia mpaka vidoti vyote vizame, maana hewa ya ndani yake imetoka maji yakaingia. Mimina kwenye glasi safi weka juani. Kwa dakika kadhaa hamna kitu, watoto wanaanza kuchoka, mara kimoja kinajiinua ukingo, kinasimama wima, kinapanda juu kama lifti. Alafu kingine. Ukikiangalia kwa karibu kina vipovu vidogo vya oksijeni vimeshikilia ukingoni. Funika glasi na boksi jeusi, rudi baada ya muda, utakuta baadhi vimeanza kuzama tena kwa kuwa gizani vinatumia oksijeni bila kutengeneza.

Jaribio la kuthibitisha kwamba mmea unahitaji kabonidayoksaidi, kwa kuiondoa kwenye hewa, linahitaji kemikali inayounguza ngozi, hilo waachie maabara.

Spiriti iliyobaki ya kijani usiimwage karibu na jiko wala usiirudishe kwenye chupa yake mtu akadhani ni kitu kingine, iweke kwenye chupa yenye maandishi mbali na watoto, inafaa kwa jaribio lijalo. Haifai kunywewa kabisa, ina sumu ya kupofusha.

Safari ya pili mpwa wangu alikataa mstari wa kawaida. Alichukua foili akachora herufi ya kwanza ya jina lake akaikata kwa wembe wangu, mimi nikiwa nimemshikia, akabandika foili juu ya jani, mwanga ukawa unapita kwenye herufi tu, na chini akaweka kipande kizima. Saa kumi tukachemsha, tukatoa kijani, tukadondosha iodini, herufi ikajitokeza polepole nyeusi kwenye jani la njano, kingo zake kidogo zimepinda pale wembe ulipoteleza. Ameikausha kwenye daftari la sayansi. Baada ya siku chache itafifia kwa kuwa iodini inapotelea hewani, akitaka kuionyesha darasani adondoshee iodini tena, inarudi.